Mwalimu, hicho cha bure utaondoka nacho?

Kuna neno moja ambalo Wabongo tunalipenda kuliko yote yaliyomo kwenye kamusi. BURE. Ukitaka kujaza ukumbi, andika kwamba kiingilio ni bure na soda ipo. Leo nataka tulizungumze neno hilo, ila soda tuiweke pembeni. Tuzungumze kuhusu walimu wetu na vifaa vya mtandaoni vya kutengenezea mawasilisho ya masomo na kugawana zana za kufundishia.

Naandika kwa sababu kila semina ya walimu na teknolojia ninayotumwa kuripoti huishia pale pale. Mtoa mada anasimama, anawasha projekta, anaonyesha tovuti kumi na tano, zote "za bure", kila moja na rangi zake. Walimu wanaandika majina haraka haraka kwenye madaftari. Chai inakuja, posho inasainiwa, picha ya pamoja inapigwa, na kesho yake magazeti yanaandika kwamba walimu "wamenolewa". Hakuna aliyeuliza swali ambalo mama yeyote wa Kariakoo angeliuliza kabla ya kupokea kitu cha bure: jamani, masharti yake ni yapi?

Mimi nina msimamo wangu. Kwa mwalimu, kifaa cha bure si kile kisichodai hela leo. Kifaa cha bure ni kile ambacho siku kikifungwa, au kikibadilisha masharti, au bando likikata, somo linabaki mikononi mwa mwalimu na mikononi mwa mwenzake. Kama halibaki, basi hukupewa. Uliazimwa tu, na mwenye mali hajasema lini atakuja kuchukua chake.

Unadhani natia chumvi? Twende makaburini kidogo.

Wikispaces ilikuwa tovuti ambayo walimu wa nchi nyingi waliitumia kujenga kurasa za masomo pamoja na wanafunzi wao. Ilifungwa mwaka 2018. Edmodo ilizaliwa mwaka 2008 na watu wakaiita Facebook ya madarasa: mwalimu anaweka kazi, wanafunzi wanajibu, mwalimu wa nchi nyingine anachungulia na kuchukua wazo. Mwaka 2018 ikanunuliwa na kampuni ya Kichina iitwayo NetDragon, na tarehe 22 Septemba 2022 ikafungwa. Flipgrid, iliyowawezesha wanafunzi kujibu maswali kwa video fupi, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018, ikabadilishwa jina kuwa Flip, na mwaka 2024 ikaondolewa kama huduma inayojitegemea. Jamboard, ule ubao wa mtandaoni wa Google ambao semina nyingi ziliushangilia, ulizimwa tarehe 31 Desemba 2024.

Hata wale ambao hawajafa wamebadilika. SlideShare, ambayo wengi wetu tuliitegemea chuoni usiku wa kuamkia mtihani, ilianza mwaka 2006. Mwaka 2012 ikanunuliwa na LinkedIn, kisha mwaka 2020 ikaenda kwa Scribd. Google walikuwa wakizipa shule nafasi isiyo na kikomo ya kuhifadhi mafaili. Mwaka 2021 wakatangaza kwamba hiyo basi, na kuanzia mwaka 2022 kila taasisi ikawekewa mpaka.

Sisemi kampuni hizi ni za wezi. Seva zinakula umeme, wahandisi wanataka mishahara, na mwenye mtaji anataka faida. Mara nyingi bure huwa chambo cha kukusanya watu wengi upesi. Watu wakishakusanyika, kampuni inaangalia kama wanalipika. Wakionekana hawalipiki, duka linafungwa. Ni biashara, na kwa kawaida hutoa taarifa mapema.

Lakini taarifa hiyo inakuja kwa Kiingereza, kwenye barua pepe ambayo mwalimu aliifungua siku ya semina na hajaigusa tena. Mwalimu wa London anaye mtu wa teknolojia shuleni kwake wa kumwambia, "hamisha vitu vyako kabla ya Ijumaa." Mwalimu wa Ukerewe au Kibondo anagundua siku anayotaka kufundisha. Anaandika neno la siri, ukurasa hauji. Slaidi za mada nzima, alizozitengeneza usiku baada ya kusahihisha madaftari, zimekwenda na maji.

Hilo ndilo linaloniuma. Tunachopoteza ni jasho la mwalimu, kazi ya mikono na akili ambayo hakuna mtu aliyemlipa aifanye.

Basi kabla mtu hajakuuzia tovuti ya kumi na sita, muulize maswali matatu.

SWALI LA KWANZA: naweza kuondoka na kazi yangu? Yaani, je, kuna mahali pa kupakua wasilisho zima kama faili la kawaida linalofunguka kwenye programu nyingine? Hapa vifaa vingine vinafaulu vizuri. Google Slides inakuruhusu kupakua kazi yako kama faili la PowerPoint au PDF. Canva, ambayo ilianza mwaka 2013 na ina toleo maalumu lisilolipiwa kwa walimu wa shule za msingi na sekondari wanaothibitisha kwamba ni walimu, nayo inakuruhusu hivyo hivyo. Tumia, sina ugomvi. Ila jiwekee sheria: kila unapomaliza wasilisho, lipakue siku hiyo hiyo, weka nakala kwenye flashi na nyingine kwa mwenzako. Kifaa kinachokupa kiungo tu cha kuangalia mtandaoni, halafu kupakua hadi ulipie, hicho ni nyumba ya kupanga. Usijenge choo cha kudumu kwenye nyumba ya kupanga.

Na kama shule ina kompyuta hata moja, kuna LibreOffice. Ni programu huria iliyozaliwa mwaka 2010 kutoka kwenye OpenOffice. Ndani yake kuna Impress, ya kutengenezea slaidi. Haitaki akaunti, haitaki intaneti ukishaiweka, na haina mwenye duka wa kukufungia. Zaidi ya hapo ni halali. Tuseme ukweli, Office nyingi zilizomo kwenye kompyuta zetu ni za kuchakachua, na zinakuja na virusi vinavyokula flashi za stafrumu nzima.

Tena, wadau, jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Mwulize mhitimu wa leo kama amewahi kuisikia. Tulikuwa nacho kifaa cha bure, kwa lugha yetu, kilichofanywa na watu wetu, halafu tukarudi semina kuonyeshwa vya wengine kana kwamba ndiyo kwanza jua linachomoza.

SWALI LA PILI: bando likiisha, somo linaendelea? Maana hapa Bongo bure ina bei yake nyingine, na bei hiyo inakatwa kwenye simu ya mwalimu mwenyewe. Hebu tupige hesabu ya darasa la nne. Picha moja ya simu janja inaweza kuwa na MB 4. Mwalimu anaweka picha 20 kwenye wasilisho, tayari ni MB 80. Anawatumia walimu wenzake 40 kwenye kundi la WhatsApp. Wote wakipakua, ni MB 3,200, zaidi ya GB 3 zilizotoka mifukoni mwa walimu kwa somo MOJA. Mwalimu huyo huyo akizipunguza zile picha, jambo ambalo programu nyingi za slaidi zinaweza kulifanya kwa dakika chache, faili linashuka hadi MB 5 na kundi zima linatumia MB 200. Semina ngapi zimewahi kufundisha jambo hilo dogo? Wanafundisha namna ya kufanya herufi ziruke kutoka kushoto kwenda kulia.

Kuna vifaa vilivyobuniwa na watu wanaojua kwamba intaneti si hewa. PhET ni majaribio ya sayansi ya kwenye skrini, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa ametunukiwa Nobel ya fizikia. Mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu, anaona balbu inawaka, anaongeza betri, anaona mwanga unabadilika. Unapakua jaribio mara moja, linafunguka kwenye kivinjari bila mtandao, unalihamisha kwa flashi. Mengine yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa shule ambayo maabara yake ni chumba chenye meza na kufuli, hii ni tofauti kati ya kukariri umeme na kuuona.

Kolibri, ya shirika la Learning Equality, inakwenda mbali zaidi. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unaijaza video, mazoezi na vitabu, kisha wanafunzi wanaunganisha simu au kompyuta nyingine kwa Wi-Fi ya hapo hapo shuleni bila hata MB moja ya intaneti. Kiwix nayo inakupa Wikipedia ya kusoma bila mtandao, ikiwemo Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003. Kwa walimu wa madarasa ya chini, African Storybook ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2014, ina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili unazoruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na hata kuzirekebisha.

Hapa najua kuna msomaji ameshaanza kukunja uso. "Kaka, unazungumzia slaidi, shule ya kijijini kwetu haina hata umeme!" Nakubali, lakini nakataa hitimisho lako. Wasilisho si projekta. Wasilisho ni mpangilio wa somo: kipi kitangulie, picha gani ionekane, swali gani liulizwe. Mwalimu anaweza kulifungua kwenye simu yake jioni, akachora mchoro ule ule kwenye karatasi ya manila kwa kalamu ya wino mzito. Anaweza kutoa ukurasa mmoja kwenye steshenari ya mjini na kuubandika ukutani. Nimewahi kumwona mwalimu wa biolojia aliyenakili mchoro wa moyo kutoka kwenye slaidi ya mwenzake wa mkoa mwingine, akauchora ubaoni kwa chaki za rangi mbili, nyekundu na bluu. Darasa lilikaa kimya. Slaidi ilikuwa imefika, ingawa waya wa umeme ulikuwa bado.

SWALI LA TATU, na kwangu ndilo zito kuliko yote: mwenzangu anaweza kuichukua, akairekebisha, akaendelea?

Fikiria mada moja tu ya kidato cha pili. Katika nchi hii maelfu ya walimu wanaandaa andalio la somo la mada hiyo hiyo, wanachora mchoro ule ule, wanatunga maswali yanayofanana, kila mmoja peke yake, kila mwaka. Kisha Januari 2024 ukaanza utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa, na walimu wengi wakalazimika kupanga upya maazimio yao ya kazi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, ni hatua nzuri na naipongeza. Lakini kitabu cha kiada si somo. Somo ni lile ambalo mwalimu analitengeneza kati ya kitabu na watoto 80 walioko mbele yake, ambao baadhi yao mwaka jana tu walikuwa wanasoma kwa Kiswahili na leo wanaambiwa usanisinuru unaitwa photosynthesis. Ujuzi wa kuvuka daraja hilo uko vichwani mwa walimu. Haujaandikwa popote. Mwalimu akistaafu, anaondoka nao.

Utaniambia makundi ya WhatsApp yapo. Yapo, na yanasaidia sana. Lakini WhatsApp ni mto, maji hayakusubiri. Faili lililotumwa Machi, mwalimu mpya aliyeingia kwenye kundi Juni halioni. Limefukiwa chini ya salamu za Ijumaa, michango ya harusi na video za kuchekesha. Hakuna anayejua nani aliliandika, na kama kuna kosa ukurasa wa tatu, kosa hilo linasafiri hadi Mtwara bila wa kulisahihisha. Kundi ni zuri kwa kupasha habari. Kwa kuhifadhi, tunahitaji kabati: folda moja ya mtandaoni iliyopangwa kwa somo, kidato na mada, yenye mtu wa kuitunza, na nakala yake kwenye diski ya ofisi ya elimu wilayani.

Na kila faili liwe na leseni. Hapa wengi hawajui, hata sisi wasomi. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, kazi uliyoitunga inalindwa bila wewe kuisajili wala kuandika chochote. Maana yake ni kwamba mwalimu mwenye nia njema anayechukua slaidi zako na kuzirekebisha anaweza kuwa anavunja sheria, hata kama wewe ungefurahi. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, zinaondoa utata huo kwa mstari mmoja. Andika "CC BY 4.0" na jina lako kwenye slaidi ya kwanza, na umemwambia kila mtu duniani: chukua, rekebisha, sambaza, ila nitaje. Unaogopa mwenye steshenari atachapa jasho lako na kuliuza? Ongeza NC, maana yake isiwe kwa biashara. Ila usiweke leseni kwenye kisicho chako. Picha uliyoikata kwenye kitabu cha mchapishaji haijawa mali yako kwa sababu umeibandika kwenye slaidi. Na majina, picha na alama za wanafunzi zisitoke shuleni, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Sasa tufike kwenye mfupa wenyewe. Kwa nini mwalimu agawe bure? Walimu wengi wanaandika notsi na kuziuza kwa wanafunzi au steshenari. Kuna wanaowacheka na kuwaita wafanyabiashara. Mimi siwacheki. Ukiwa na mshahara ule na ada ya mtoto, notsi ni kipande cha mkate. Kumwambia mtu huyo "gawana kwa moyo wa uzalendo", wakati aliyemwambia amelipwa posho ya kumwambia hivyo, ni dharau.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni hiki: notsi na mawasilisho bora ya walimu YANUNULIWE. Mara moja, kwa fedha za umma au za wafadhili wanaopenda sana semina, yahakikiwe, kisha yafunguliwe kwa wote kwa leseni huria. Gharama ya semina moja ya siku tatu, ukijumlisha ukumbi, chai, mabegi yenye nembo na mafuta ya magari, ingewalipa walimu kadhaa kuandika mada nzima ambayo nchi ingeitumia kwa miaka. Hili nalo si wazo la vichochoroni. Mwaka 2002, kwenye mkutano wa UNESCO, ndipo lilipozaliwa jina la rasilimali huria za elimu, na mwaka 2019 nchi wanachama zikapitisha pendekezo rasmi la kuziendeleza. Kilichotangazwa bure kwa mwanafunzi si lazima kiwe bure kwa aliyekitengeneza. Tukitenganisha mambo hayo mawili, mwalimu hatakuwa na sababu ya kuficha.

Msitu mwingine ambao semina zimeanza kutuingiza ni akili mnemba. Unaandika sentensi moja, unapewa slaidi kumi. Zinapendeza, na kwa mwalimu aliyechoka ni msaada. Lakini maswali ni yale yale matatu, na nitaongeza la nne: nani amehakiki? Mashine hiyo inaweza kukosea kwa kujiamini kabisa, na haijui kwamba watoto wako hawajawahi kuona theluji.

Kwako wewe unayesoma hapa, kijana mwenzangu mwenye shahada na kompyuta ya mapajani, unayepanga slaidi za bosi hadi usiku wa manane. Ulifundishwa na mtu. Shule uliyosoma bado ipo, na kuna mwalimu anachora mchoro ambao wewe ungeutengeneza kwa nusu saa. Tengeneza mawasilisho matano ya somo ulilolipenda, muulize mwalimu kama yanamfaa, yaandike leseni, yapeleke kwa flashi. Tafsiri jaribio moja la PhET. Ongeza makala moja kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Sio lazima ufungue asasi wala uchape fulana.

Nanyi mnaoandaa semina, msituletee tena orodha ya tovuti kumi na tano. Leteni mbili, na mwisho wa siku kila mwalimu aondoke na somo moja lililokamilika kwenye flashi yake, lenye jina lake na leseni yake. Asiyeondoka nalo, hajanolewa.

Ni hayo kwa leo. Kama kuna mwalimu humu ndani, tafadhali toa sauti: ni kifaa gani kimekufaa kweli, na ni kipi kimekukimbia na kazi yako?